Mkebe wa Vijiti

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameniambia nimezidi maneno. Anasema tangu watoto wahame nyumbani, hadithi zangu zote anazibeba yeye peke yake, na masikio yake si ghala. Kanipa daftari hili, alilolitelekeza kitinda mimba wetu akiwa kidato cha pili. Kurasa tatu za mwanzo zina hesabu zilizokosewa kwa juhudi kubwa. Damu yangu hiyo.

Basi habari ya leo: mvua imeanza. Paa la karakana linavuja palepale nilipoliziba mwaka jana. Fundi wa hospitali ni mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Viatu vyangu vya kazi nimeviacha chini ya meza siku mbili tu, leo nimevikuta vimeota ndevu. Nyeupe, laini, kama za mzee wa heshima. Nimezifuta kwa gazeti nikavaa. Mke wangu amenitazama, akaenda kunawa mikono ambayo haikugusa chochote.

Jumamosi, 8 Machi

Hospitalini hakuna anayetumia jina langu. Wananiita Msasa, kwa sababu kitu hakitoki mkononi mwangu mpaka nimekipiga msasa: miguu ya vitanda, mabenchi, hata mipini ya mafagio. Ila ninachojivunia hasa, na mwenye kucheka acheke, ni vijiti.

Vijiti ni hivi. Kuna chumba cha njiti, wale watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kila mmoja ana sindano ya dripu kwenye mkono usiozidi unene wa kidole changu gumba. Mkono ukikunjwa, sindano inachomoka. Kwa hiyo Sista, muuguzi anayesimamia chumba kile, huulaza mkono juu ya kijiti kilichozungushiwa pamba, kisha anaufunga kwa plasta. Zamani walikuwa wakikata maboksi ya dawa, yakawa yanalegea. Ndipo mimi, kwa kiherehere changu, nikajitolea kuwachongea vijiti vya mbao.

Siri yake ni maji. Ukishapiga msasa unakichovya kijiti majini, vinyweleo vya mbao vinasimama, unapiga msasa tena. Ukirudia mara mbili, kinateleza kama kipande cha sabuni. Baba alinifundisha hivyo kwenye vijiko. Vikiwa tayari naviweka kwenye mkebe wa biskuti wenye kifuniko kinachobana, vumbi lisiingie. Hakuna mtoto wala muuguzi aliyewahi kuchomwa na kibanzi changu.

Jumatatu, 10 Machi

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, amejifungua leo asubuhi. Miezi saba. Mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia moja. Mumewe yuko safarini kikazi, kwa hiyo mwanamume wa karibu ni mimi.

Wameniruhusu kuchungulia. Nimevalishwa gauni la kijani, barakoa na kofia. Sista akaniambia nafanana na kabeji. Mtoto yumo ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, mwekundu, ngozi nyembamba kiasi kwamba mishipa inahesabika. Nimeona vitu vingi vilivyotengenezwa vibaya maishani, vingine nimevitengeneza mimi. Huyu hakutengenezwa vibaya. Ametolewa tu kabla ya kukaushwa.

Mpwa alikuwa amekaa pembeni, amejifunga kanga kifuani.

“Mjomba,” akasema, “umeuona mkono wake?”

“Nimeuona.”

“Mchongee vyake. Vile vya kwako laini. Hivi vya wote naona vitamchubua.”

“Vyangu vyote ni laini, mwanangu.”

“Basi vyake viwe laini kupita vyote.”

Jumatano, 12 Machi

Nimemchongea mjukuu wangu vijiti kumi. Nimevichovya na kuvipiga msasa mara nne, si mbili. Jua hakuna, nimevipangusa kwa kitambaa mpaka vikaonekana vikavu. Kwenye ncha ya kila kimoja nimetia mkato mdogo wa kisu ili Sista ajue ni vya nani. Anasema huo ni upendeleo. Nimekubali.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Ukuta wa korido ya wodi umeota madoa meusi tangu sakafuni hadi kiunoni. Ukipitisha kidole, unabaki na utelezi wa kijivu unaonuka soksi ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Nimepaka chokaa. Kesho yatatokeza tena.

Jumapili, 16 Machi

Mjukuu kaongeza gramu thelathini. Nimemtangazia kila mtu, hata mlinzi wa getini, ambaye hakuuliza.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimeona kitu ambacho sikutaka kukiona. Niliitwa kukaza gurudumu la kitoroli katika chumba cha njiti, na Daktari alikuwa anambadilishia plasta mtoto wa kisanduku cha pili. Daktari wetu ni binti mdogo anayetembea haraka na kuuliza maswali mengi. Plasta ilipobanduka, ngozi chini yake ilikuwa na doa jekundu lililokolea kama zambarau, na katikati yake jeusi, kama mkate uliogusana na bati la tanuri. Kando kando palikuwa na kitu cheupe cha manyoya. Nilijiambia ni pamba. Haikuwa pamba.

Nimerudi nyumbani sikula. Mke wangu akauliza kama naumwa. Nilimweleza. Akasema, “Basi baba, nimeelewa, usinionyeshe kwa mikono.”

Jumatano, 19 Machi

Daktari anasema ni fangasi. Si wa ajabu, ni ndugu wa yule anayeota kwenye mkate uliosahauliwa. Mimi na yeye tunaweza kuwagusa kutwa nzima wasitufanye chochote. Watoto hawa ngozi yao haijaiva, na mwili wao haujajifunza kupigana. Fangasi akipata unyevu na joto juu ya ngozi hiyo, anaingia ndani na kuila.

“Ila hakuja na mama yake,” akasema. “Mtoto huyu hajatoka chumba hiki tangu azaliwe. Sisi ndio tumempa.”

Neno hilo “tumempa” halikunikaa vizuri. Nilitazama huku na huku nikitafuta nani kampa.

Alhamisi, 20 Machi

Mtoto wa kisanduku cha pili amefariki saa nne asubuhi. Mama yake alikuwa anakunja nguo ndogo. Aliendelea kuzikunja.

Mchana Daktari akatuita wote: wauguzi, wafagiaji, Mama Mashuka wa chumba cha kufulia, na mimi. Akataka kila mtu aseme anachojua kuhusu unyevu. Wengi walitazama sakafu. Mimi, nani aliwahi kuniona nikitazama sakafu? Nikanyanyuka. Nikasema mashuka yanaletwa mabichi. Nikasema nimeyanusa kwa pua yangu, yananuka uvundo, na nimeliona moja lina madoa ya kijani. Yote yalikuwa kweli. Niliyasema kwa ufundi, kwa mifano, hata mfagiaji mmoja akajisahau akacheka.

Mama Mashuka ni mwanamke mnene, mpole, tumetaniana miaka kumi na tano. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kamba zangu ziko nje, Msasa,” akasema. “Niliomba banda la kuanikia tangu mwaka juzi. Fundi ni nani?”

Watu wakanigeukia. Nikasema mbao hazikuletwa. Hilo nalo ni kweli.

Ijumaa, 21 Machi

Mama Mashuka ameambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Kaondoka na mwavuli wake na kikombe chake cha chai. Sikutoka karakanani kumuaga, nilikuwa na kazi.

Mke wangu nilipomsimulia jinsi nilivyosema mbele ya watu, aliendelea kuchambua mchele. Mwishoni akauliza, “Na viatu vyako vilipoota ndevu, nani alivinusa?”

Wanawake hutetea wenzao. Mstari huo nimeusoma tena kabla ya kulala, nikaona aibu kidogo. Nimeuacha.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Gramu kumi zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Nimefungua mkebe. Sitaki kuandika.

Jumatano, 26 Machi

Nitaandika, kwa sababu kichwani haikai.

Jana asubuhi mpwa alikuja karakanani anakimbia, kandambili mkononi. Alinivuta shati. Nilipofika, Daktari alikuwa ameshabandua plasta ya mjukuu wangu. Doa lilikuwa upande wa ndani wa mkono, refu, jembamba, jekundu, na mwanzo wa weusi katikati. Nikalitazama doa lile kama fundi anavyotazama kazi. Lilikuwa na urefu wa kidole changu cha mwisho. Ncha zake zilikuwa zimeviringwa. Ninaijua ncha ile. Naiviringa mimi, kwa kisu kidogo kisha kwa msasa.

Sista alikuwa anatupa pamba na kijiti kwenye ndoo. Daktari akamzuia, akakitia kijiti kwenye mfuko wa nailoni kipelekwe maabara.

“Mashuka tumebadilisha tangu Ijumaa,” Daktari alisema. “Mapya kabisa. Sasa hii imetoka wapi?”

Nilirudi karakanani nikafunga mlango. Mkebe ulikuwa juu ya rafu, picha ya biskuti zenye jemu bado inang'aa. Kifuniko kilibana, kama ninavyokisifia siku zote. Kilipoachia, harufu ilitoka kabla ya kitu kingine. Harufu ya handaki. Harufu ya viatu vyangu. Vijiti vilikuwa vimelala kwa safu jinsi nilivyovipanga, na juu yao pamelala blanketi la manyoya meupe na kijivu, lenye vichwa vidogo vyeusi kama vya pini. Pumzi yangu ilipoligusa, likapeperuka vumbi jeusi. Nikaliona likielea. Nikafunga mdomo, nimechelewa, nimeshavuta.

Kiangazi vijiti hukaa juani saa nzima kabla ya mkebe. Sijawahi kukiita hicho kipengele cha kazi. Kilitokea tu, kwa sababu jua lilikuwepo. Mvua ilipokuja nilivipangusa kwa kitambaa. Mbao iliyochovywa haikauki kwa kitambaa, hilo analijua hata mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nikaifungia kwenye bati lenye kifuniko kinachobana. Na vya mjukuu wangu, vyenye mkato, nilivichovya mara nne. Vilikuwa vibichi kupita vyote. Vya safu ya juu, vilivyoonekana safi, Sista alikwisha kuja kuvichukua. Vya chini sikuvitazama tangu nilipoviweka. Kwa nini nitazame? Nilishavisifia.

Niliufunga mkebe, nikaurudisha rafuni. Kisha nikaja nyumbani, nikaandika ule mstari mmoja.

Na haya ndiyo ya leo. Asubuhi sikwenda kwa Daktari. Nimeandika hivyo ili nisije nikajisahau. Nilikwenda chumba cha njiti na tabasamu langu la kila siku, nikamwambia Sista anipe vijiti vyote vilivyo mikononi mwa watoto nikavipige msasa upya. Nilifikiri nitavichoma, nitachonga vingine, maneno yataisha. Maabara wangesema kijiti, wangesema pamba, nani angejua?

“Wamelala, Fundi,” Sista akasema. “Siwezi kuchomoa dripu za watoto sita kwa ajili ya urembo.”

“Ni dakika chache.”

“Njoo kesho.”

Nikatazama. Visanduku sita, ukiacha cha mjukuu wangu. Mikono sita, kila mmoja umefungwa juu ya kijiti changu, na pamba, na joto, na jasho. Tangu jana nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimelala usingizi nikilijua.

Nikamwambia. Sauti yangu nilidhani ni ya kunong'ona, kumbe kila mtu alisikia.  Sista alivaa glavu, akaanza na mtoto wa karibu. Alikuwa na hasira, lakini mkasi ulikata plasta bila kugusa ngozi. Daktari aliitwa. Wakabandua wote. Wawili wana wekundu. Wanne ni wazima.

Daktari alitaka kuuona mkebe. Nilimpelekea. Aliufungua dirishani, akaufunga upesi. Sikuona akikunja uso kwa mashuka, wala kwa kidonda. Kwa mkebe wangu alikunja.

“Mkato huu ni nini?” akauliza, akionyesha kijiti kilichokuwa bado kwenye mfuko wa maabara.

Ningeweza kusema kisu kiliteleza.

“Ni alama,” nikasema. “Kwamba hicho ni cha mjukuu wangu.”

Alhamisi, 27 Machi

Mjukuu amekatwa nyama iliyooza mkononi. Dawa ya mshipani inamtikisa mwili mzima. Daktari anasema kwa kuwa sasa anajua ni nani mgeni, anajua dawa ya kumtolea, na kwamba siku moja zaidi ya kuchelewa ingekuwa nyingi. Hakusema ni nani aliyechelewesha siku nzima. Ni binti mstaarabu.

Mpwa niliongea naye kwenye benchi la korido, lile nililolipiga msasa mimi. Nilimweleza tangu maji hadi mkebe. Aliuliza jambo moja tu.

“Mara nne, Mjomba?”

“Mara nne.”

“Kwa sababu nilikuomba.”

“Wewe hukuniomba maji. Uliomba laini.”

Akanyanyuka akaenda kukaa benchi jingine.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa Mama Mashuka. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri njiani, yakaishia mlangoni. Nikasema: “Ilikuwa mimi.” Akanikaribisha ndani. Akanipa kitambaa nifute miguu, kikavu, kina harufu ya pasi.

“Nusa,” akasema.

Nikanusa.

“Kiko vipi?”

“Kizuri, dada.”

“Haya. Jumatatu ukawaambie wote, kwa sauti ileile uliyotumia siku ile. Na ile mifano yako usiisahau. Yule mfagiaji apate kucheka tena.”

Jumatatu, 31 Machi

Nimewaambia. Hakuna aliyecheka. Mama wa mtoto wa kisanduku cha pili hakuwepo, ameshakwenda kwao. Daktari amemwandikia. Niliomba niongeze mstari wangu chini ya barua. Nimekaa nao saa mbili. Umekuwa maneno tisa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Hali yake ileile.

Alhamisi, 3 Aprili

Ileile.

Ijumaa, 4 Aprili

Wekundu wa wale wawili umefifia. Wa kwetu bado ana homa.

Jumatatu, 7 Aprili

Sitengenezi vijiti tena. Sista anakata vipande vya plastiki kutoka chupa za dripu, anavichemsha, anavikausha mwenyewe, anavitumia mara moja na kutupa. Ni vibaya kuvitazama, kingo zimepinda. Nilitaka kusema jambo kuhusu kingo. Nikajifunga mdomo kama mkebe.

Banda la kuanikia mashuka nimelianza. Mbao zilikuwepo stoo muda wote, chini ya magodoro mabovu. Sikuwa nimetazama. Kila ubao ninaubonyeza kwa kucha kuona kama umekauka, halafu naurudia. Nikipita karibu na rafu bado nasikia ile harufu, ingawa mkebe ulishachomwa. Mke wangu anasema harufu hiyo iko puani mwangu tu. Najua iliko.

Jumamosi, 12 Aprili

Homa imeshuka. Mpwa bado haniambii zaidi ya “shikamoo”. Anaisema kwa adabu kamili. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 22 Aprili

Kilo moja na nusu. Habari hii nimeipata kwa mlinzi wa getini.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua mbili tu wiki hii. Banda limekamilika. Mama Mashuka amelikagua kama mkaguzi wa serikali, akasema mlango unagoma. Ni kweli unagoma.

Jumatatu, 19 Mei

Jua. La kweli, linalouma shingoni.

Mjukuu ameruhusiwa kwenda nyumbani, kilo mbili na ushei. Sikualikwa kuaga, nilijipatia kazi ya kukaza bawaba ya mlango wa wodi. Mpwa akatoka na mumewe, mtoto kifuani ndani ya shuka jeupe. Mkono ulikuwa nje. Kovu liko pale, refu, jembamba, limezama, lina ncha mbili zilizoviringwa. Litakua naye. Siku moja atauliza.

Nikasogea kando wapite. Mpwa akasimama.

“Unataka kumshika, Mjomba?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Nawa kwanza.”

Nikanawa kwenye karo la korido, kwa sabuni, hadi viwikoni. Nikajifuta kwa taulo nikarudi, nimenyoosha mikono. Akaitazama. Akakigeuza kiganja changu, akapitisha kidole katikati ya vidole vyangu, kimoja kimoja.

“Bado,” akasema.

Nikatoka nje. Nikasimama uani juani, mikono mbele, vidole vimetanuka, wagonjwa wa benchi wakinitazama kama kichaa. Mama Mashuka akachungulia bandani kwake, akafungua kinywa anitanie, akaacha. Sikuhesabu muda. Nilingoja mpaka ngozi ikanibana.

Niliporudi, mpwa alikuwa bado amesimama palepale mlangoni.